Betri za Kuchajiwa na Hatari ya Moto: Ulinganisho wa Aina, Ukubwa na Matumizi

Pawabenki mbili zinaweza kufanana kwa umbo, zikaandikwa ujazo uleule wa miliampea-saa 20,000, na bado zikatofautiana sana siku moja yao itakapopata hitilafu. Moja inaweza kuwa na seli (vipande vinavyounda betri) za lithiamu zenye kobalti au nikeli, na nyingine seli za lithiamu zenye chuma na fosfati. Ya kwanza ni nyepesi zaidi, ya pili ni nzito lakini haishiki moto kwa urahisi ule. Mnunuzi huelezwa saa za matumizi, wepesi na kasi ya kuchaji. Asiloelezwa ni jinsi betri hiyo itakavyoharibika ikiharibika, itakuwa na nishati kiasi gani ndani yake wakati huo, na itakuwa imewekwa wapi. Ulinganisho huu unafuata maswali hayo matatu, kwa kuwa naamini ndiyo yanayopaswa kutangulia bei na urembo.

Kinachowaka ndani ya seli

Betri za lithiamu-ayoni ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony, na tangu hapo zimezishinda karibu betri nyingine zote katika vifaa vya mkononi, kwa sababu hubeba nishati nyingi katika uzito mdogo. Sifa hiyohiyo ndiyo chanzo cha hatari yake. Ndani ya seli kuna anodi ya grafiti, yaani elektrodi (ncha ya umeme) hasi, kathodi, yaani elektrodi chanya, iliyotengenezwa kwa mchanganyiko wa metali, na katikati yao utando mwembamba wa plastiki unaozitenganisha. Vyote hivyo vimelowa elektroliti, ambayo ni chumvi ya lithiamu iliyoyeyushwa katika vimiminika vya kikaboni vinavyoshika moto.

Seli ikipata joto la kati ya nyuzi 80 na 120 za Selsiasi, tabaka jembamba linaloikinga anodi huanza kuvunjika, na kuvunjika huko kwenyewe hutoa joto la ziada. Likifika nyuzi 130 hivi, utando wa polithini huyeyuka, anodi na kathodi hugusana, na shoti hutokea ndani kwa ndani, mahali ambapo hakuna fyuzi wala swichi inayoweza kuikata. Kuanzia hapo joto huzaa joto: kathodi huachia oksijeni, elektroliti hugeuka gesi, seli hupasuka au kutema miali, na seli iliyo jirani nayo huunguzwa hadi ianze mfululizo uleule. Ndiyo maana moto wa betri yenye seli nyingi huonekana kama unazimika kisha unaibuka upya.

Mambo yanayoanzisha mfululizo huo yanajulikana. Kuna kuchaji kupita kiwango, kuna kuangusha, kukanyaga au kutoboa, na kuna kuacha kifaa mahali penye joto kali kama ndani ya gari lililofungwa juani. Mengine hayaonekani kwa macho. Kuchaji seli iliyo chini ya nyuzi sifuri huifanya lithiamu itande juu ya anodi kama metali badala ya kuingia ndani yake. Kuiacha betri ikae bila chaji kwa miezi mingi kunaweza kuyeyusha shaba iliyomo, na shaba hiyo huja kuota upya kama vijiti vinavyopiga shoti siku betri inapochajiwa tena. Halafu kuna kasoro za kiwandani, ambazo mtumiaji hana namna ya kuzigundua. Mwaka 2016 simu ya Samsung Galaxy Note 7 ilirudishwa kutoka sokoni, na uchunguzi uliotangazwa Januari 2017 ulionyesha kwamba betri za watengenezaji wawili tofauti zilikuwa na kasoro mbili tofauti: katika moja, kona ya betri ilikuwa imebana na kukunja elektrodi, katika nyingine, mabaki makali ya uchomeleaji yalipenya hadi kusababisha shoti. Saketi ya ulinzi hupima volti, mkondo na joto la nje; haioni kona iliyokunjwa ndani ya seli.

Lithiamu ya kobalti au nikeli dhidi ya lithiamu ya chuma na fosfati

Huu ndio ulinganisho wenye uzito kuliko mingine yote, kwa kuwa aina hizi mbili huuzwa chini ya jina moja la lithiamu na watu wengi hawajui kwamba wanaweza kuchagua.

Katika familia ya kwanza kathodi huwa ya oksidi ya kobalti, au ya mchanganyiko wa nikeli, manganizi na kobalti. Seli moja ina volti 3.6 au 3.7 na hujaa kwenye volti 4.2, na kilo moja hubeba takribani wati-saa (kipimo cha nishati) 150 hadi 250. Tatizo ni kwamba oksijeni iliyomo kwenye kathodi hizi haikushikwa kwa nguvu: ya kobalti tupu huanza kuiachia kabla au karibu na nyuzi 200, na zenye nikeli huachia mapema zaidi kadiri nikeli inavyozidi. Moto unaojipatia oksijeni kutoka ndani hauzimwi kwa kufunikwa na blanketi.

Katika familia ya pili, oksijeni imefungwa kwenye fosforasi kwa kifungo imara zaidi, hivyo kathodi huvumilia joto kubwa zaidi na, hata inapovunjika, hutoa oksijeni kidogo. Seli ina volti 3.2, hujaa kwenye volti 3.65, na kwa kilo moja hubeba takribani wati-saa 90 hadi 160. Hapo ndipo penye hasara yake, yaani uzito na ukubwa. Faida nyingine, mbali na usalama, ni umri: betri ya chuma na fosfati iliyotengenezwa vizuri huvumilia mizunguko zaidi ya 2,000 ya kuchaji, wakati seli za kawaida za simu hudhoofika baada ya mizunguko 500 hadi 1,000.

Lazima niseme wazi kwamba betri ya chuma na fosfati inaungua. Elektroliti yake ni ya jamii ileile inayoshika moto, na ikipata joto la kutosha hutoa gesi zenye haidrojeni nyingi, ambazo zikikusanyika katika chumba kilichofungwa zinaweza kulipuka zikikutana na cheche. Muuzaji anayedai kwamba haiwezi kuwaka kabisa anapotosha. Kilicho kweli ni kwamba inahitaji kutendewa vibaya zaidi kabla ya kufika huko, na ikifika, joto lake huwa pungufu na huchelewa kuenea kutoka seli moja hadi nyingine.

Kuna kosa jingine ambalo ulinganisho wa karatasi haulionyeshi, nalo ni la chaja. Chaja iliyotengenezwa kwa seli za volti 4.2 haifai kabisa kwa seli zinazojaa kwenye volti 3.65, hata kama plagi inaingia bila tatizo. Anayebadilisha betri ya familia moja kwa nyingine ndani ya kifaa kilekile anapaswa kubadilisha na chaja, na mara nyingi pia saketi ya usimamizi, yaani ile inayodhibiti kuchaji na kutumika kwa betri.

Kwa uamuzi wangu, kitu chochote kinachokaa mahali pamoja, kama betri ya akiba ya umeme wa nyumba au ile ya kuhifadhi umeme wa jua, kiwe cha chuma na fosfati, maana uzito haumsumbui mtu pale na betri italala usiku kucha chini ya paa moja na wenye nyumba. Kwa simu na kompyuta mpakato uchaguzi huo karibu haupo. Wepesi umeshaamua kwa niaba yetu. Pawabenki iko katikati, kwani zipo za familia zote mbili, na asiyesumbuliwa na uzito mkubwa kidogo mkobani atanufaika kwa kuchukua ile ya fosfati. Atambue tu kwamba miliampea-saa 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, ilhali idadi ileile kwa volti 3.2 ni wati-saa 64. Linganisha wati-saa, miliampea-saa peke yake hudanganya.

Nikeli na risasi: betri za zamani ambazo bado zina nafasi

Betri ndogo za nikeli-metali haidraidi, zile zinazofanana na betri za kawaida za tochi na rimoti, zina volti 1.2 na elektroliti yake ni ya maji. Maji hayashiki moto, na kwa sababu hiyo pekee betri hizi ni chaguo la kwanza kwa wanasesere wa watoto, tochi, redio ndogo na saa za ukutani. Zikipigwa shoti mfukoni na funguo au sarafu zinaweza kupata joto la kuunguza ngozi, kwa hiyo zibebwe ndani ya kikasha chake; lakini kutoka hapo hadi kuteketeza chumba kuna umbali mrefu.

Siku hizi zipo pia betri za umbo hilohilo zenye seli ya lithiamu ndani na saketi ndogo inayoshusha umeme hadi volti 1.5. Zina nguvu thabiti, na baadhi ya vifaa huzipenda zaidi. Hata hivyo, zinarudisha elektroliti inayowaka mahali ambapo haikuwepo, na hazipaswi kamwe kuwekwa kwenye chaja ya nikeli. Katika nyumba yenye watoto wanaochaji betri wenyewe, mchanganyiko wa aina mbili zenye umbo moja ni mtego, na ningebaki na nikeli.

Betri za risasi na asidi, kama zile za gari, zina sifa ya usalama ambayo kwa kiasi fulani zinastahili, kwani asidi yake imechanganywa na maji na haiwaki. Hatari yake ni nyingine. Zikichajiwa kupita kiwango hutoa haidrojeni na oksijeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche ya swichi au ya kibanio kilicholegea. Betri hizo ziwekwe penye hewa inayopita, kamwe si katika kabati lililofungwa. Zikilinganishwa na za chuma na fosfati kwa kazi ya akiba ya umeme, za risasi hubeba takribani wati-saa 30 hadi 50 tu kwa kilo na huchakaa haraka zikiishiwa chaji mara kwa mara, lakini makosa madogo ya kuchaji huyavumilia vizuri zaidi. Asiye na hakika na ubora wa mfumo wa usimamizi uliomo katika betri ya lithiamu anayouziwa ana sababu halali ya kubaki na risasi.

Kiasi cha nishati: simu, pawabenki, kompyuta mpakato na baiskeli ya umeme

Aina ya kemia ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni wingi wa nishati, na hesabu yake ni rahisi: zidisha miliampea-saa kwa volti, gawanya kwa 1,000, upate wati-saa. Simu yenye miliampea-saa 5,000 ina takribani wati-saa 19. Pawabenki ya 20,000 ina 74, yaani karibu simu nne zilizobanwa pamoja. Kompyuta mpakato nyingi zina kati ya 50 na 70, na drili isiyo na waya yenye volti 18 na ampea-saa 4 ina 72. Betri ya baiskeli ya umeme yenye volti 36 na ampea-saa 14 inafika 504, ambayo ni sawa na simu zaidi ya ishirini na tano zikiwa ndani ya sanduku moja.

Usafiri wa anga umelichukulia jambo hili kwa uzito unaostahili. Betri za akiba na pawabenki haziruhusiwi kwenye mizigo inayoshushwa tumboni mwa ndege, bali hubebwa mkononi, ambapo wahudumu wanaweza kuufikia moto. Hadi wati-saa 100 hubebwa bila ruhusa maalumu, kati ya 100 na 160 huhitaji ruhusa ya shirika la ndege, na zaidi ya hapo abiria haruhusiwi kubeba betri ya akiba. Baada ya ndege ya Air Busan kuungua uwanjani Gimhae, Korea Kusini, Januari 2025, ambapo wachunguzi walitaja pawabenki kuwa chanzo kinachoelekea zaidi, nchi hiyo ilikataza pawabenki kuwekwa kwenye makabati ya juu ya viti. Zibaki karibu na mwenyewe, mahali anapoziona.

Nikilinganisha simu na pawabenki, simu ina nafuu kubwa. Kifaa cha mtengenezaji anayejulikana hupima joto lake kila wakati na kupunguza kasi ya kuchaji, na mwenyewe huishika mara nyingi kwa siku, hivyo hugundua mapema ikipata joto au ikivimba. Pawabenki ya bei ya chini ina nishati mara nne, ulinzi pungufu, na hukaa ndani ya begi kati ya nguo na karatasi. Ile isiyoandikwa wati-saa wala jina la mtengenezaji, na ile yenye uzito mdogo kuliko inavyopaswa kwa ujazo uliotajwa, ziachwe dukani.

Baiskeli na skuta za umeme ndizo zinazoniogopesha zaidi, si kwa sababu huungua mara nyingi kuliko simu, bali kwa sababu zikiungua hazitoi nafasi. Katika jiji la New York moto wa betri za lithiamu-ayoni uliua watu 18 mwaka 2023, na vifaa hivi vya usafiri ndivyo vilivyohusika zaidi. Mwaka huohuo, Septemba, jiji hilo lilianza kudai kwamba baiskeli na skuta za umeme na betri zake zinazouzwa humo ziwe zimethibitishwa kwa viwango vya UL (shirika la Marekani la kupima usalama wa bidhaa) 2849, 2272 na 2271. Kilichokuwa kikiwaua watu ni mahali pa kuchajia, sawa na betri yenyewe: baiskeli huegeshwa mlangoni au kwenye ukumbi, na ikiwaka usiku njia pekee ya kutokea inakuwa imeshafungwa na moto. Anayechagua kati ya baiskeli yenye betri inayoweza kutolewa na ile ambayo betri yake imefungwa moja kwa moja, achukue ya kwanza ikiwa hana pa kuchajia baiskeli nzima mbali na mlango.

Chaja, alama na seli za bandia

Kwa simu na kompyuta mpakato zinazotumia mlango wa USB-C, chaja ya kampuni nyingine si dhambi, ilimradi iwe imethibitishwa, kwa kuwa chaja na kifaa hukubaliana kwanza kuhusu volti kabla ya umeme mwingi kupita. Chaja za baiskeli na skuta nyingi hazina makubaliano hayo. Betri ya volti 36 hujaa kwenye volti 42 na ya volti 48 hujaa kwenye volti 54.6, na plagi zake zinaweza kufanana kabisa. Kuchomeka chaja ya pili kwenye betri ya kwanza ni kuikabidhi saketi moja ndogo maisha ya kila aliyelala nyumbani humo.

Alama zilizobandikwa nazo hazilingani. UN 38.3 ni kipimo cha usafirishaji, yaani kinaonyesha kwamba aina hiyo ya betri ilivumilia mtikisiko, joto, shoti na mgandamizo wa safari. IEC 62133 inahusu usalama wa seli na betri za vifaa vya kubebeka wakati wa kutumika. Alama ya CE, ile ya kukidhi masharti ya Ulaya, kwa bidhaa nyingi, ni tamko la mtengenezaji mwenyewe. Kati ya bidhaa mbili, ile iliyopimwa na maabara huru ndiyo ya kuaminiwa.

Kwa seli za mviringo za ukubwa wa 18650, ambazo watu hununua moja moja kwa ajili ya tochi, kuna kipimo kimoja cha uhakika: zilizo halisi huishia karibu na miliampea-saa 3,500. Iliyoandikwa 9,900 ni ya uongo, na aliyedanganya kuhusu ujazo hana sababu ya kusema kweli kuhusu ulinzi. Seli za mviringo zilizotengenezwa vizuri zina ganda la chuma, vali ya kutoa gesi na kifaa cha kukata mkondo, ilhali seli bapa za mfuko laini hazina ganda la kuzikinga zisitobolewe. Lakini seli bapa ina ishara moja ambayo ya mviringo haina: huvimba waziwazi. Kioo cha simu kikianza kuinuka, au mfuniko wa kompyuta mpakato ukikataa kufunga sawasawa, kifaa hicho kimeshatoa onyo lake na hakipaswi kuchajiwa tena hata mara moja.

Maji au poda

Wengi wamesikia kwamba lithiamu haikutanishwi na maji, na kwa lithiamu ya metali hilo ni kweli. Katika betri ya lithiamu-ayoni iliyo nzima, hata hivyo, lithiamu imo kama ayoni (chembe ndogo zenye chaji ya umeme) na si kama pande la metali, na kinachohitajika zaidi ni kupoza seli zilizobaki zisifuate ile iliyowaka. Kwa simu au pawabenki ambayo tayari imetolewa kwenye umeme, maji mengi yanafaa kuliko poda. Poda na gesi ya kaboni dioksidi huangusha miali, lakini hazipozi, na dakika chache baadaye betri huwaka upya. Barafu nayo haifai, kwa sababu hukifunika kifaa na kuzuia joto lisitoke.

Kwa betri ya baiskeli, au betri ya akiba ya nyumba, sina ushauri wa kuzima. Toka, funga mlango nyuma yako, waite zimamoto, na waambie mapema kwamba ni betri ya lithiamu. Moshi wake una haidrojeni floridi na gesi nyingine zinazoharibu mapafu, na pumzi chache katika chumba kidogo zinatosha kumwangusha mtu aliyekuwa akijaribu kuokoa samani.

Betri iliyowaka ikazimika, na ile iliyovimba bila kuwaka, zote zinaweza kuanza upya baada ya saa kadhaa au hata siku. Iwekwe nje juu ya zege au mchanga, mbali na ukuta, gari na kitu chochote kinachoungua, isitobolewe ili kutoa hewa, na isitupwe kwenye pipa la taka za kawaida, kwa kuwa lori la taka litaibana na kuitoboa ikiwa bado na chaji ndani. Ipelekwe kwa wanaopokea betri kwa ajili ya kuchakatwa, ikiwa imefunikwa utepe wa plastiki kwenye ncha zake, na wapokeaji waambiwe kabla kwamba imeharibika.